Mito Miwili Iitwayo Songwe: Mimea Ivumiliayo Chumvi kama Ushahidi wa Historia ya Chumvi katika Nyanda za Kyela

1.0 Utangulizi

Kusini magharibi mwa Tanzania kuna mito miwili yenye jina moja. Songwe wa kwanza huteremka kusini mashariki, hugawa Tanzania na Malawi, hupita katika nyanda tambarare za Kyela na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Songwe wa pili huanzia upande wa Mbeya, hushuka kaskazini magharibi na kuishia katika Ziwa Rukwa. Kata ya Katumba Songwe, wilayani Kyela, inabeba jina la mto wa kwanza. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016, umepakana na Malawi kwa upande mmoja na bonde la Rukwa kwa upande wa pili, kwa hiyo unaigusa mito yote miwili.

Mito hiyo inafanana kwa jina, lakini inatofautiana kwa hatima. Maji ya Songwe wa Nyasa huingia katika ziwa lenye mlango wa kutokea, na chumvi iliyomo ndani yake hatimaye husafiri kwa Mto Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Maji ya Songwe wa Rukwa huingia katika ziwa lisilo na mlango. Maji huvukizwa na jua, chumvi hubaki. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo ndogo ya kijiografia ni msingi wa jambo kubwa la kihistoria, yaani nani alikuwa na chumvi na nani alilazimika kuitafuta kwa jirani. Aidha, yanadai kwamba shahidi mwaminifu wa tofauti hiyo ni kundi la mimea ambalo wanahistoria wa Afrika Mashariki wamelitumia kwa nadra: mimea ya vinamasi vya chumvi, yenye mashina au majani manene yaliyojaa maji.

Katika nyanda za Kyela mwanahistoria anafanya kazi mahali ambapo mimea hiyo haitawali uoto. Kwa kawaida mtafiti huandika juu ya kilichopo. Hapa tunauliza kutokuwepo kwake kunaeleza nini. Ili swali hilo lijibiwe, ni lazima kwanza ifahamike mimea hii ni ipi, inaishi wapi duniani na kwa sababu gani. Ndipo tutakaporudi Kyela.

2.0 Mimea Ivumiliayo Chumvi Duniani

2.1 Sifa na ukoo wake

Mimea mingi hufa inapomwagiliwa maji ya bahari. Sodiamu huvuruga kazi za seli, na chumvi iliyomo katika udongo huzuia mizizi kuvuta maji. Spishi chache, ambazo wataalamu hukadiria kuwa takriban asilimia 1 tu ya mimea yote inayotoa maua, zimepata njia ya kuishi katika mazingira hayo. Baadhi huizuia chumvi mizizini. Nyingine, kama vile baadhi ya mikoko na nyasi, huitoa nje kupitia vitundu vya majani. Kundi linalotuhusu hapa hufanya kinyume: huipokea chumvi na kuihifadhi ndani ya vifuko vya seli, mbali na sehemu nyeti za seli hiyo, kisha huvuta maji mengi kuizimua. Ndiyo maana mashina au majani yake huwa manene, laini na yenye kuvunjika kirahisi, na mtu akitafuna kipande chake hukuta ladha ya chumvi.

Sehemu kubwa ya mimea hiyo imo katika familia ya mchicha, Amaranthaceae, ambayo sasa hujumuisha familia iliyoitwa zamani Chenopodiaceae. Ndani yake, kundi lijulikanalo zaidi ni nusufamilia ya Salicornioideae, ambayo mimea yake hukaribia kutokuwa na majani: shina limegawanyika katika vipingili vilivyoungana mfano wa shanga katika uzi. Jenasi ya Salicornia ndiyo maarufu zaidi. Karibu nayo kuna Suaeda, ambayo ina majani madogo mviringo yenye maji. Nje ya familia hii zipo spishi nyingine zenye umbo la namna hiyo, mfano Sesuvium portulacastrum ya familia ya Aizoaceae, inayotambaa katika fukwe za nchi za joto na inayojulikana katika sehemu za pwani yetu kama mboga ya pwani.

Uainishaji wa mimea hii una historia yake ya mabishano. Kwa kuwa majani na maua yake yamepungua mno, na kwa kuwa mmea ukikaushwa hubadilika umbo na rangi, sampuli za maktaba za mimea ziliwapa wataalamu wa karne ya 19 na 20 taabu kubwa. Mmea mmoja uliweza kupewa majina matatu katika nchi tatu. Uchunguzi wa vinasaba wa miongo ya karibuni umebadilisha mipaka ya jenasi mara kadhaa. Mwaka 2017, kwa mfano, ilipendekezwa kwamba jenasi ya Sarcocornia, yenye mimea ya kudumu, iunganishwe na Salicornia, ambayo kwa desturi ilihusishwa na mimea ya mwaka mmoja. Mwanahistoria anayesoma orodha za kale za mimea hana budi kulikumbuka jambo hili, maana jina lililoandikwa na msafiri au mtawala wa kikoloni huenda leo likamaanisha mmea mwingine.

2.2 Mtawanyiko na makazi

Mimea hii hupatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Hata hivyo, haijatawanyika ovyo. Makazi yake makuu ni mawili. La kwanza ni ukanda wa bahari ambao maji hujaa na kupwa: kingo za Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, ambako Salicornia ni miongoni mwa mimea ya kwanza kuota katika matope mapya; fukwe za Mediterania kama zile za Camargue huko Ufaransa; fukwe za Ghuba ya Uajemi; na milango ya mito ya Afrika Kusini, yenye spishi nyingi za Sarcocornia. La pili ni bara kavu, mbali na bahari, ambako mabonde yaliyofungwa hukusanya chumvi. Huko Asia ya Kati zinaota Halocnemum na Halostachys, kando ya Great Salt Lake huko Marekani inaota Allenrolfea, na katika maziwa makavu ya Australia jenasi ya Tecticornia imezaa spishi zaidi ya 40, wingi usio na mfano katika kundi hili.

Mifano miwili inaonyesha jinsi mtawanyiko huo unavyobeba historia ndefu. Wa kwanza ni Microcnemum coralloides, kijimea kidogo cha maeneo ya chumvi ya bara, kinachopatikana Hispania na tena, baada ya pengo kubwa, upande wa Uturuki. Pengo la namna hiyo ni alama ya nchi ambazo zamani ziliunganishwa na ukavu na chumvi, kisha mazingira yakabadilika. Wa pili ni Australia yenyewe. Mababu wa Tecticornia walifika huko kutoka mbali, na walipokuta bara linazidi kukauka na maziwa yake yakigeuka chumvi, wakagawanyika na kuwa spishi nyingi. Kwa ufupi, palipo na mimea hii pana chumvi, na mara nyingi pana kumbukumbu ya tabianchi iliyobadilika.

2.3 Matumizi yake katika historia

Binadamu aliitambua thamani ya mimea hii zamani sana. Majivu yake yana wingi wa kaboneti ya sodiamu, yaani magadi, ambayo ilikuwa malighafi ya sabuni na kioo. Neno la Kiarabu al-qali, lililotaja majivu ya mimea ya namna hii, ndilo lililozaa neno linalotumiwa na wanakemia katika lugha nyingi za Ulaya kwa kemikali za jamii hiyo. Katika karne ya 18 Hispania ilipata faida kubwa kwa kuuza majivu yaliyoitwa barrilla, hususan kutoka pande za Alicante. Biashara hiyo ilianza kudhoofika baada ya Nicolas Leblanc wa Ufaransa kupata, mwaka 1791, hataza ya njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida.

Katika zama zetu mimea hii imerudi kwa sura nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu na Massawa huko Eritrea, mradi ulioongozwa na mwanasayansi Carl Hodges ulilima Salicornia kwa maji ya bahari yaliyopitia kwanza katika mabwawa ya kamba. Mradi huo ulikoma mwaka 2003, lakini ulionyesha kwamba ardhi ya Afrika Mashariki iliyohesabiwa kuwa haina faida inaweza kulimwa bila maji matamu.

3.0 Afrika Mashariki: Pwani, Maziwa ya Kaskazini na Rukwa

Kitabu cha msingi cha uainishaji wa mimea ya kanda yetu, Flora of Tropical East Africa, kilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Sehemu ya familia ya Chenopodiaceae, iliyoandikwa na J. P. M. Brenan, ilitoka mwaka 1954, miongoni mwa zile za mwanzo. Kutokana na sehemu hiyo na tafiti zilizofuata, makazi ya mimea hii katika kanda yanaweza kugawanywa katika maeneo matatu.

Eneo la kwanza ni pwani. Nyuma ya mikoko, pale ambapo maji ya bahari hufika wakati wa bamvua tu, kuna maeneo tambarare yaliyo wazi ambayo chumvi yake huzidi hata ile ya bahari. Hapo huota Suaeda monoica, Salicornia, Tecticornia indica (iliyoitwa zamani Arthrocnemum indicum) na mboga ya pwani. Maeneo hayohayo ndiyo yaliyochaguliwa kwa mashamba ya chumvi, kuanzia Magarini nchini Kenya hadi Bagamoyo. Mchimba bwawa la chumvi na mmea huo wamefuata kanuni moja: kutafuta mahali ambapo bahari huingia kidogo na jua hufanya kazi iliyobaki.

Eneo la pili ni maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa la Mashariki, yakiwemo Natron, Manyara na Eyasi. Hapo Suaeda monoica huweza kuwa kichaka kikubwa au mti mdogo, na pembeni yake huota nyasi ngumu kama Sporobolus spicatus na ndago ya Cyperus laevigatus.

Eneo la tatu, ambalo ni muhimu zaidi kwa hoja yetu, ni bonde la Rukwa. Uoto wa nyanda zake ulichunguzwa kwa kina katikati ya karne ya 20 kwa sababu ambayo haikuhusiana na chumvi: Rukwa ilikuwa miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu. Desmond Vesey-FitzGerald, mwanaikolojia aliyefanya kazi na shirika la kimataifa la kudhibiti nzige hao lililokuwa na makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, alieleza jinsi nyasi zivumiliazo magadi, zikiwemo Diplachne fusca na Sporobolus spicatus, zinavyofuata mipaka ya maji ya ziwa yanapopanda na kushuka. Nyasi hizi si mimea ya mashina manene, lakini kiikolojia zinafanya kazi ileile ya kutambulisha udongo wa chumvi. Msomaji wa leo anaweza kuzitumia kumbukumbu hizo za nzige kama ramani ya chumvi.

4.0 Kwa Nini Mimea Hii Haitawali Kyela

Anayesafiri kutoka Katumba Songwe kuelekea ufukweni hukuta maji kila upande: mashamba ya mpunga, migomba, mikakao, na kando ya mito na ziwa matete, mafunjo na nyasi za majini. Kwa macho tu, hapa pana vinamasi vingi kuliko Rukwa. Lakini ni vinamasi vya maji matamu. Sababu zake ni tatu.

Kwanza ni mvua. Nyanda za Kyela, zikiwa chini ya Mlima Rungwe na safu ya Livingstone, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Mvua hiyo husafisha udongo kila mwaka. Pili ni mito. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa nguvu kutoka milimani na kutandaza matope mapya juu ya yale ya zamani. Tatu, na kubwa kuliko zote, ni mlango wa ziwa. Maji mengi ya Ziwa Nyasa hupotea kwa uvukizi, lakini sehemu hutoka kwa Mto Shire, na sehemu hiyo hutosha kuondoa chumvi isijilimbikize.

Historia imetupatia jaribio la jambo hili. Kuanzia takriban mwaka 1915 ziwa lilishuka kiasi kwamba Mto Shire uliacha kutiririka kutoka ziwani, na mchanga na mimea vikaziba njia yake. Maji yakapanda polepole hadi yalipovunja kizuizi hicho mwaka 1935. Kwa miaka 20 hivi, Nyasa lilikuwa ziwa lililofungwa kama Rukwa. Je, kwa nini halikugeuka kuwa la chumvi? Jibu limo katika ukubwa wake. Ziwa hili lina karibu kilomita za ujazo 8,000 za maji, ilhali kiasi kinachotoka kwa mwaka wa wastani ni takriban kilomita za ujazo 12. Kwa hesabu hiyo, chumvi iliyobaki kwa miaka 20 bila kutoka haikuweza kuzidi sana asilimia 3 ya ile iliyokuwemo. Mmea wa kinamasi cha chumvi usingeweza kuhisi tofauti hiyo.

Hata hivyo, hali haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2005 wanasayansi walichimba mashapo chini ya Ziwa Nyasa kwa mradi wa kimataifa wa uchorongaji. Matokeo yaliyochapishwa kuanzia mwaka 2007 yanaonyesha kwamba katika vipindi vya ukame mkubwa, kati ya takriban miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ziwa lilishuka kwa mamia ya mita, maji yake yakawa ya magadi, na nchi iliyolizunguka ikafanana na nusu jangwa. Kwa upande mwingine, Rukwa ilijaa mwanzoni mwa kipindi cha kijiolojia tulichomo hata ikafurika kuelekea Tanganyika kupitia pengo la Karema. Maziwa haya mawili, basi, yamewahi kuishi maisha ya jirani yake. Hali ya sasa, ambayo Nyasa ni tamu na Rukwa ni ya magadi, ndiyo iliyowakuta wakulima na wafugaji wa miaka elfu mbili iliyopita, na ndiyo iliyounda uchumi wao.

Kuna jambo moja linalopasa kuongezwa ili hoja isivuke mpaka. Katika eneo hili zipo chemchemi za maji moto, zikiwemo za Kilambo, Mampulo na Kasimulo, ambazo maji yake hubeba madini mengi kuliko ya mito. Kingo za chemchemi kama hizo ni makazi madogo ya chumvi ndani ya nchi ya maji matamu. Lakini makazi hayo ni ya hatua chache, hayalingani na nyanda za Rukwa, na hayawezi kulisha soko.

5.0 Majivu ya Aina Mbili

Hapa inafaa kujibu pingamizi ambalo mtahini yeyote angeweza kulitoa. Watu wa sehemu nyingi za Afrika walitengeneza chumvi kwa kuchoma mimea na kuchuja majivu. Kwa nini basi wakazi wa Kyela, wenye matete na mafunjo yasiyo na idadi, wahesabiwe kuwa walikosa chumvi?

Pingamizi hili linachanganya majivu ya aina mbili. Mmea wa kawaida wa maji matamu hukusanya potasiamu zaidi kuliko sodiamu. Majivu ya matete, ya mabua au ya maganda ya ndizi hutoa maji makali yanayolainisha mboga na maharage, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki yametumika kama mbadala wa magadi. Lakini ladha yake huelekea uchungu, na sodiamu yake ni kidogo. Mmea wa udongo wa chumvi umejaza sodiamu ndani ya seli zake, na majivu yake hutoa chumvi halisi. Kwa hiyo, swali lenye uzito linahusu udongo ambamo mimea iliyochomwa iliota.

Mfano mzuri upo upande wa pili wa mpaka. Katika kinamasi cha Chibwa, karibu na Mpika nchini Zambia, Wabisa walichoma nyasi za udongo wa chumvi, wakachuja majivu na kuchemsha maji yake hadi chumvi ikabaki. Andrew Roberts, katika historia yake ya Wabemba iliyotoka mwaka 1973, anaonyesha jinsi chumvi hiyo ilivyokuwa sehemu ya siasa za eneo: watawala wa Kibemba walipotanua mamlaka yao katika karne ya 19, chumvi ya Chibwa ilikuwa miongoni mwa mali zilizofanya nchi ya Wabisa itamaniwe. Kinamasi chenye nyasi za chumvi kiligombewa. Kinamasi chenye matete hakikugombewa kwa sababu hiyo.

Upande wa Rukwa njia ilikuwa nyingine, lakini chanzo kilikuwa kilekile. Huko Ivuna, ambayo sasa imo katika wilaya ya Momba, Brian Fagan na John Yellen walichimba mwaka 1966 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968. Walikuta tabaka nene za mabaki ya vyungu na makazi ya watu waliotengeneza chumvi kuanzia takriban karne ya 13 hadi ya 15. Kazi hiyo ilikuwa bado ikifanyika katika zama zilizoandikwa: wakati wa kiangazi udongo wenye chumvi ulikwanguliwa, ukachujwa kwa maji, na maji hayo yakachemshwa vyunguni. Chumvi ya Ivuna ilikwenda katika nchi za jirani. Kutoka Ivuna hadi Kyela ni takriban kilomita 200 kwa mstari ulionyooka.

6.0 Chumvi na Dhana ya Nchi Iliyotengwa

Maandishi ya mwanzo ya Wazungu kuhusu Unyakyusa yana sauti ya pamoja. Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, aliisifu nchi hiyo kwa migomba, usafi wa nyumba na wingi wa chakula. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliofika mwaka 1891 waliikuta nchi hiyohiyo ya neema. Baadaye Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao katika miaka ya 1930, walieleza kwamba milima na ziwa viliwatenga Wanyakyusa na misukosuko ya njia kuu za biashara hadi robo ya mwisho ya karne ya 19. Kutokana na maandishi hayo pamejengeka picha ya nchi iliyojitosheleza.

Monica Wilson mwenyewe alitoa ushahidi unaoitikisa picha hiyo. Aliandika kwamba majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi wa Kikinga waliokaa milimani, na vyungu vilitoka kwa wanawake wa Kikisi wa ufukwe wa mashariki. Wanyakyusa walivipata kwa kubadilishana na chakula na mifugo. Ushahidi wa mimea unaongeza kitu cha tatu katika orodha hiyo. Nchi yenye udongo uliooshwa, isiyo na nyanda za mimea ivumiliayo chumvi, haiwezi kuwa chanzo cha chumvi kwa watu wengi kama wale. Jembe na chungu vilihitajiwa kwa nadra, pale kimoja kilipochakaa au kuvunjika. Chumvi huliwa ikaisha, na uhusiano unaoileta hauna budi kurudiwa.

Pingamizi la pili ni la lishe. Wanyakyusa walikuwa na ng'ombe wengi, walikunywa maziwa na walikula samaki wa ziwani na mitoni. Vyakula hivyo vina sodiamu, na jamii inayovitumia haifi kwa kukosa chumvi ya kuongeza. Pingamizi hili lina ukweli, na linasahihisha kauli kwamba chumvi ilikuwa suala la kufa na kupona. Lakini halihusu kila mtu kwa kiasi kimoja. Chakula cha kila siku kilikuwa ndizi, maharage na nafaka, vyenye sodiamu kidogo, na maziwa hayakugawanywa sawa kati ya mwenye ng'ombe wengi na asiye na ng'ombe. Aidha, ng'ombe wenyewe huhitaji chumvi, na malisho yaliyooshwa na mvua hayawapi ya kutosha. Hivyo chumvi ilikuwa hitaji la jamii nzima lililowagusa zaidi walio wanyonge.

Lugha nayo inatoa dokezo. Kinyakyusa huita chumvi umunyu, neno lenye ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu za Afrika Mashariki, likiwemo munyu la Kiswahili. Kusini na magharibi zaidi mambo hubadilika: Kibemba husema umucele na Kichewa husema mchere. Kwa upande wa msamiati, basi, Wanyakyusa wamo katika kundi la kaskazini, ingawa ziwa linawaelekeza kusini. Neno peke yake halithibitishi njia ya biashara, maana huenda lilirithiwa kabla ya watu kufika nyandani. Likisomwa pamoja na ramani ya udongo na ushahidi wa Ivuna, hata hivyo, linakubaliana na picha ya nchi ambayo mahusiano yake yalivuka milima.

Kinachothibitika ni kwamba mazingira ya Kyela yaliwalazimisha wakazi wake kubadilishana na wenzao, iwe kwa safari za moja kwa moja au kwa mikono mingi. Dhana ya kutengwa inahitaji kufinywa: inaweza kuwa kweli kuhusu misafara ya pembe na watumwa, lakini si kweli kuhusu biashara ndogo ya majirani. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu biashara ndogo haikuacha nyaraka. Iliendeshwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa, na mwanahistoria anayesubiri nyaraka ataendelea kuamini kwamba haikuwepo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameanza na mito miwili na kuishia na mboga iliyotiwa chumvi. Kati ya ncha hizo mbili, yameonyesha mambo matatu. Kwanza, mimea ya vinamasi vya chumvi, pamoja na wingi wa spishi zake na upana wa makazi yake duniani, inafuata kanuni moja: huota pale ambapo maji huondoka na chumvi hubaki. Pili, kanuni hiyo inazigawa nchi za Ziwa Nyasa na Ziwa Rukwa katika makundi mawili, licha ya ukaribu wao. Tatu, mgawanyiko huo unatoa ushahidi huru dhidi ya dhana ya Unyakyusa iliyojitosheleza.

Upo pia umuhimu wa sasa. Mto Songwe wa Nyasa huhamahama katika nyanda za chini na kuisogeza ardhi ya wakulima kutoka nchi moja kwenda nyingine, na serikali za Tanzania na Malawi zimekuwa zikipanga kwa pamoja kuudhibiti na kupanua umwagiliaji. Ardhi inayomwagiliwa bila kutolewa maji vizuri hujifunza tabia ya Rukwa, kwa kuwa maji huvukizwa na chumvi hubaki. Mvua nyingi ya Kyela ni kinga kubwa, lakini kinga hiyo hutegemea maji kuwa na njia ya kutokea. Iwapo siku moja mkulima wa Katumba Songwe ataona katika pembe ya jaruba lake mmea asioujua, wenye shina nene na ladha ya chumvi, asiung'oe na kuutupa kabla ya kuuliza umefikaje hapo. Utakuwa unamwambia jambo ambalo mababu zake walilifahamu kuhusu nchi ya Songwe mwingine.